Signali namba 16 ni ya nani? Kisa cha dibaga yetu na maziwa ya asubuhi mbili

Jumatano ile jioni simu iliingia kutoka kituo cha kukusanyia maziwa huko Machame, alikuwa mama anayesimamia mzani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, halafu bila kuzunguka akaniambia umeme ulikatika mchana na uliporudi kile kimashine chenu hakina maziwa ya leo wala ya jana. Nikamuuliza daftari lipo? Akasema lipo, sisi huku hatuachi daftari. Nilishukuru sana kwa hilo, maana mle ndani mna hesabu za akina mama wanaoleta ndoo alfajiri na kulipwa kwa kilo, mtu akipotezewa kilo zake sita hilo siyo tatizo la kompyuta, hilo ni sukari na daftari la shule la mtoto.

Naandika hiki kisa chote kwa sababu chanzo chake kilinishangaza na naona watu wengi wanaoandika kodi (maandishi ya programu) ya chini chini, karibu na mashine yenyewe, wanaweza wakawa nacho na hawajui. Programu ya mzani ilikuwa sawa, rauta ilikuwa sawa, umeme ulikatika kama unavyokatika siku zote na tulishajipanga nao. Aliyekula maziwa ni dibaga yetu, yaani programu ya kuwinda makosa ndani ya programu nyingine, na aliyala kwa sababu ya namba moja iliyokuwa imehifadhiwa kwenye `int`, aina ya namba nzima ya kawaida kwenye lugha ya C.

Mazingira yako hivi. Mimi niko Njiro hapa Arusha, mwenzangu yuko Moshi mjini. Kwenye kituo tumeweka rauta ndogo ya chipu ya MIPS, flashi MB 4, RAM MB 32, inasoma mzani kwa waya na kutunza vipimo. Flashi ndogo kama ile ukiiandika kila dakika unaiua mapema, kwahiyo programu inakaa na vipimo kwenye RAM, na kila saa skripti inaipigia `kill -USR1`, amri ya kuipelekea programu signali ya SIGUSR1, ndo inaandika kila kitu kwenye flashi kwa mkupuo. Umeme ukikatika unapoteza saa moja kwa ubaya zaidi, na hiyo saa moja daftari linaifidia.

Sasa kuna memori ilikuwa inavuja taratibu kwenye ile programu na tulitaka tuiwinde ikiwa kazini. Kwenye laptopu tunatumia GDB, dibaga ile ile inayojulikana, iliyoanza na Richard Stallman mwaka 1986. Ila kule kwenye rauta nafasi ilikuwa finyu mno, tukaandika kistabu chetu wenyewe, kiprogramu kidogo kinachoishika programu kwa `ptrace`, mlango wa Linux wa kuidhibiti programu nyingine, na kuongea na GDB kwa itifaki yake ya mbali. Nikisema dibaga yetu naongelea hicho kistabu. Jumatatu jioni tukaunganisha, GDB ikaachwa wazi kwenye laptopu ya Moshi ikisubiri brekipointi, alama tuliyoweka ili programu isimame ikifika hapo. Tokea Jumatatu jioni hiyo hiyo, hakuna kipimo hata kimoja kilichofika kwenye flashi.

Kwa asiyegusa haya mambo, signali ni namna keneli, moyo wa mfumo endeshi, inavyoishtua programu: imetokea hivi, shughulika. Na kila signali ina namba. Shida ni kwamba namba hizo hazifanani kwa kila mashine. SIGUSR1 kwenye Linux ya laptopu ya kawaida ni 10. Kwenye Linux ya MIPS ni 16. Kwenye macOS na FreeBSD ni 30. Kwasababu hiyo GDB ina orodha yake yenyewe isiyotegemea mashine yoyote, humo SIGUSR1 ni 30, na kwenye waya kati ya laptopu na rauta ndo namba za orodha hiyo zinazotakiwa kupita, kwa heksa (hesabu ya msingi wa 16), kwahiyo 30 inaandikwa `1e`. Stabu ndo ina kazi ya kutafsiri: ikipokea namba ya keneli inaigeuza kuwa ya itifaki kabla ya kuituma, na ikipokea ya itifaki inaigeuza kuwa ya keneli kabla ya kuikabidhi kwa `ptrace`.

Stabu yetu ya mwanzo haikutafsiri chochote, kwenda wala kurudi. Na ilifanya kazi miezi kadhaa.

Hapo ndo nataka nikae kidogo kwa sababu ndo utamu wa kisa wote. Brekipointi inakuja kama SIGTRAP, ambayo ni 5 kila mahali. Ctrl-C ni SIGINT, 2 kila mahali. Programu ikianguka kwa kugusa memori isiyo yake ni SIGSEGV, 11 kila mahali. SIGABRT 6, SIGKILL 9, zote zinakubaliana. Kwa MIPS ni mbaya zaidi, namba 1 mpaka 15 zote zinalingana na orodha ya GDB moja kwa moja, kwahiyo unaweza ukadibagi mwaka mzima usione tofauti mpaka ugonge namba 16. GDB wenyewe wanaijua hatari hii, ukiandika amri ya `handle` kwa namba inakubali 1 hadi 15 tu, zaidi ya hapo inakwambia tumia jina.

Sasa 16 tuliigonga, na bado ilionekana nzima. Programu kwenye rauta inapigwa SIGUSR1, keneli inasema 16, stabu inatuma `T10`, T ni kwamba programu imesimama, na 10 ni 16 kwa heksa. GDB inaangalia orodha yake, 16 kwake ni SIGURG. SIGURG kwenye GDB kwa kawaida haisimamishi, haichapishi, inapitishwa tu, kwahiyo GDB inajibu kimya kimya `C10`, endelea na umpe hiyo hiyo. Stabu inachukua 16, inaikabidhi kwa keneli ya MIPS, keneli inasema aah SIGUSR1, programu inaandika flashi. Tulipojaribu kwa mkono siku za kwanza tulipiga `kill -USR1`, faili likaandikwa, tukafurahi tukaendelea.

Hapa Arusha dereva yeyote wa watalii atanielewa. Dereva anaacha ujumbe mapokezi kwamba mgeni wa chumba fulani nitamchukua "saa 2". Dada wa mapokezi ni mgeni nchini, kwake 2 ni saa nane mchana, ila haulizwi, anaandika 2 kwenye karatasi, na zamu ya kesho dereva akipiga simu kujikumbusha anasomewa 2, anakuja saa mbili asubuhi kama alivyopanga. Namba ilizunguka kwa mtu asiyeielewa ikarudi kwa mwenyewe ikiwa salama. Siku dereva akishauriwa kwamba pale mapokezi wanatumia saa ya kizungu, akaanza kutafsiri anachosomewa lakini akaendelea kuacha ujumbe kwa saa yake, basi anaacha 2, anasomewa 2, anaigeuza kuwa saa nane, na mgeni anabaki amesimama getini na begi lake asubuhi nzima. Dereva hajakosea kujifunza. Amejifunza nusu ya safari.

Na ndo kilichotokea. Ijumaa kabla ya ile Jumatatu mwenzangu alikuwa anaijaribu stabu kwenye laptopu yake yenyewe, akaandika kwenye GDB `signal SIGUSR1`, programu ikafa papo hapo na GDB ikasema imekufa kwa SIGUSR1. Ajabu, maana programu ina kishikio cha SIGUSR1, sehemu ya kodi inayoipokea, haiwezi kufa kwa hiyo. Akaiweka stabu yenyewe chini ya `strace`, inayoonyesha kila programu inachomwomba keneli, akaona `ptrace(PTRACE_CONT, ..., SIGPWR)`, yaani iendeleze programu na uipe SIGPWR. GDB ilituma `1e`, yaani 30, stabu ikaipeleka 30 kama ilivyo, na 30 kwenye Linux ya laptopu ni SIGPWR ambayo programu isipoishika inaiua, na ilipokufa stabu ikaripoti 30 bila kutafsiri, GDB ikasoma 30 yake, SIGUSR1. Uongo mara mbili kwenye mstari mmoja. Akarekebisha upande wa kupokea, sahihi kabisa, akajaribu tena amri ile ile, ikafanya kazi, akapandisha toleo mpaka Machame.

Kuanzia hapo kule kituoni: keneli 16, stabu `T10`, GDB inasoma SIGURG, inajibu `C10`, stabu sasa inatafsiri vizuri SIGURG ya itifaki kuwa SIGURG ya MIPS ambayo ni 21, na programu ambayo haijaweka kishikio cha SIGURG inaipuuza tu, hakuna kelele wala alama. Kila saa skripti inapiga, kila saa stabu inageuza ombi la "andika" kuwa kitu cha kupuuzwa. Kama stabu yetu ingekuwa inaelewa paketi ya `QPassSignals`, ambayo GDB inaitumia kumwambia stabu zipi apitishe bila kuripoti, labda ingekuwa kosa la sura nyingine, lakini haikuwa nayo.

Nililigundua Alhamisi nikiwa nimepanda gari asubuhi kwenda Moshi na kupandisha mpaka kituoni, daftari likiwa mapajani, tukamaliza kwanza kuingiza kilo za watu wote, mama akisoma jina na mimi nikiandika, ndo nikafungua laptopu. `set debug remote 1` ili nione paketi zinazopita, nikapiga USR1 kwa mkono, nikaona `T10` inaingia na `C10` inatoka. `info signals SIGURG` ikanipa hapana, hapana, ndiyo: haisimamishi, haichapishi, inapitisha. Nilikaa naitazama hiyo kumi heksa muda mrefu. Mwenzangu alivyofika nikamwonyesha, akanyamaza halafu akasema kaka, unakumbuka ile SIGBUS?

Nilikumbuka. Miezi nyuma kwenye laptopu yake GDB ilikuwa inasema programu imepata SIGBUS, akatafuta siku mbili nzima kosa la mpangilio wa memori, halikuwepo, na cha ajabu ukibonyeza endelea programu inaendelea vizuri kama haikupata kitu. SIGUSR1 ya laptopu ni 10, na 10 kwenye orodha ya GDB ni SIGBUS. Ushahidi ulikuwepo mezani tangu siku hizo.

Sasa kurekebisha nusu iliyobaki ni mistari mitatu. Tungeweza kuiandika pale pale tukanywa maziwa tukashuka. Lakini mimi nilikataa, kwasababu kosa la kweli siyo mistari iliyokosekana, kosa ni kwamba kodi yote ilikuwa na vitu viwili tofauti vinavyovaa nguo moja. `int sig` hapa ni ya keneli, `int sig` mistari kumi chini ni ya itifaki, kompaila (inayogeuza kodi kuwa programu) haioni tofauti, na mtu anayesoma saa tano usiku haioni pia. Mwenzangu alipendekeza tubadilishe majina tu, `sig_keneli` na `sig_itifaki`, na siyo wazo baya, GDB wenyewe mwaka 2012 walibadilisha jina la aina yao kutoka `target_signal` kwenda `gdb_signal` kwa sababu la zamani lilikuwa linawapoteza watu, walidhani ni namba ya mashine inayodibagiwa kumbe ni ya GDB. Jina linamsaidia anayesoma. Ila jina halimzuii anayechoka. Tukafanya vyote viwili.

Stabu ilikuwa ya C. Kwenye C hata ukitumia `enum`, aina yenye orodha ya majina ya namba, hujajikinga, `int` inaingia kwenye `enum` na `enum` inatoka kuwa `int` bila kuulizwa. C++ inafunga mlango mmoja, `int` haiingii kwenye `enum` bila kasti (kulazimisha aina), lakini kutoka bado ni bure. `enum class` iliyokuja na C++11 inafunga milango yote miwili. GDB ilianza kujengwa kwa C++ kama kawaida yake kwenye toleo 7.12 mwaka 2016, na toleo 8.0 la 2017 likaidai C++11 kabisa, kwahiyo hii njia siyo ngeni kwa dibaga. Tukahamisha stabu kwenda C++ bila eksepsheni na bila maktaba yake, na kwenye ukubwa wa programu hatukulipa kitu cha kuogopa, maana aina hizi zinaishi wakati wa kukompaili, kwenye rauta zinabaki namba zile zile.

Kiini chake ni hiki:

```
enum class SigItifaki : unsigned char {
  HAKUNA = 0, TRAP = 5, BUS = 10, SEGV = 11,
  URG = 16, USR1 = 30, USR2 = 31,
  /* ...nyingine zote... */
  HAIJULIKANI = 143
};

struct SigKeneli {
  int namba;
  explicit SigKeneli (int n) : namba (n) {}
};

SigItifaki kwenda_itifaki (SigKeneli s);
SigKeneli  kwenda_keneli  (SigItifaki s);
```

Fankisheni mbili za chini ndo mpaka, kama Namanga, hupiti bila kugongewa muhuri. `WSTOPSIG`, inayotoa namba ya signali iliyoisimamisha programu, inarudisha `int` na inafungwa papo hapo kuwa `SigKeneli`. Fankisheni ya kutuma paketi inakubali `SigItifaki` peke yake. Ile inayoita `PTRACE_CONT` inakubali `SigKeneli` peke yake. Ndani ya fankisheni za mpaka unalinganisha na majina ya `signal.h`, siyo namba ulizokariri, ili kompaila ya MIPS ijaze za MIPS na ya laptopu ijaze zake. Angalizo dogo, usitumie `switch` bila kuwa makini, SIGIO na SIGPOLL kwenye Linux ni namba moja kwahiyo itagoma, na SIGEMT kwenye laptopu haipo kabisa wakati kwenye MIPS ipo, inabidi kila moja uizungushie `#ifdef`. Anayebaki kwenye C anaweza kupata karibu yote haya kwa kuifunga kila namba ndani ya `struct` yake yenye `int` moja, `struct` mbili tofauti hazipokeani hata kwenye C.

Tulipokompaili mara ya kwanza makosa yalijaa skrini. Nilifurahi kweli, kwasababu kila mstari ni swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: hii namba ni ya nani? Mengi yalikuwa `if (sig == SIGTRAP)`, namba ya itifaki ikilinganishwa na jina la keneli, na inafanya kazi kwa bahati ya 5 kuwa 5. Nusu iliyobaki ya kosa la maziwa ilijitokeza hapo hapo bila kuitafuta, `tuma_T(WSTOPSIG(st))`, kompaila ikakataa.

Na likatokea jingine ambalo hatukulijua kabisa. Stabu ilikuwa na sehemu moja ya kuweka taarifa programu ikiisha, aina ya mwisho pamoja na `int` moja, na hiyo `int` kuna wakati ni signali iliyoiua na kuna wakati ni namba ambayo programu inaiacha ikitoka yenyewe kawaida. Logi ilikuwa inaisoma kama signali bila kuangalia aina. Programu ikitoka yenyewe na namba 1 kwa sababu imeshindwa kufungua mzani, logi inaandika imeuawa na SIGHUP, signali ya laini kukatika, maana SIGHUP ni 1. Sisi tulikuwa tumeshaamini ni modemu ya laini ya simu inakata na kuua programu, tulishabadilisha hadi antena. Dawa yake tuliiga kwa GDB, ambao mwaka 2021 waliifunga taarifa yao ya namna hii nyuma ya fankisheni zinazokagua aina kwanza, ukiomba signali wakati programu ilitoka kwa kawaida inapiga kelele hapo hapo.

Siyo kila kitu kilikuwa kizuri. `enum class` haikubali kutumika kama namba ya kwenye safu, na sisi tuna jedwali la kila signali isimamishe au ipite, ikabidi tuandike kifuniko kidogo cha jedwali. Mizunguko ya `for` inayopita signali zote ikawa mibaya kuangalia. Na kishawishi kikubwa ni `static_cast`, ukichoka unaipiga kosa linanyamaza na umerudi ulikotoka. Tukakubaliana kasti ya signali inaruhusiwa kwenye faili moja tu lenye mpaka, na skripti ya kujenga inatafuta kasti hizo kwenye mafaili mengine, ikiikuta inagoma.

Testi ndo tulibishana zaidi. Mwenzangu alitaka ya kwenda na kurudi: chukua kila signali ya keneli, igeuze kwenda itifaki, irudishe, ifanane. Nikamwambia hiyo ndo testi tuliyoifanya kwa mkono siku ya kwanza na ikapita, kwasababu makosa mawili yalifutana. Dereva na mapokezi pia wangepita testi hiyo. Tukaiacha iwepo, ila juu yake tukaweka ya namba zilizoandikwa wazi: SIGUSR1 lazima kwenye waya ionekane `1e`, SIGURG `10`, SIGBUS `0a`, SIGCHLD `14`, na inaendeshwa kwa toleo la laptopu na pia kwenye rauta yenyewe ya MIPS, maana kwenye mashine moja peke yake hujui kama umepatia au namba zimegongana tu.

Wiki iliyofuata nikapanda tena Machame kuweka toleo jipya, nikaunganisha GDB, tukasubiri saa igonge. SIGUSR1 kwa kawaida inaisimamisha programu kwenye GDB kwahiyo nilishaweka `handle SIGUSR1 nostop print pass`, ipite ila nione jina. Saa ilipofika skrini ikaandika SIGUSR1, kwenye paketi `T1e` ikaingia `C1e` ikatoka, faili kwenye flashi likakua. Mama akauliza sasa daftari niache? Nikamwambia hapana mama, daftari endelea nalo.

Bado kuna signali za wakati halisi, zile zinazoanzia 32 kwa hesabu ya keneli, ambazo kwenye orodha ya GDB zimekaa kwa mruko na hatujazijaza. Kwa sasa zinaenda `HAIJULIKANI`, na GDB ikimwambia stabu aendelee na hiyo, stabu inajibu kosa badala ya kubahatisha. Programu ya mzani haizitumii. Ya pampu ya maji tunayoianza mwezi ujao inazitumia, kwahiyo hizo ndo ziko mezani wiki hii.